Swali la Nne la Mwalimu Kahigi

Mwalimu Kahigi hakuitikia shikamoo. Lilian Mushumbusi aliitoa vizuri tu, kwa adabu zote, kama anavyoamkiwa mtu aliyekufundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, lakini mzee aliipita kama hakuisikia. Akaenda mpaka meza ya katikati, akatupa bunda la karatasi za majibu. Wasahihishaji wote wakainua vichwa. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya tatu ya kazi, kwenye bwalo la sekondari moja pale Bukoba mjini, na chakula kilikuwa hakijaletwa.

"Kituo namba kumi na moja," alisema Kahigi. "Ni cha nani?"

"Changu, mwalimu," Lilian alijibu. "Ijumbi."

"Basi una wezi, binti. Arobaini na mmoja."

Jamani, mtu anaweza kusema neno kama hilo mbele ya walimu kumi na nne, tena bila hata kukaa kwanza! Lilian alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwaka.

Mtihani wenyewe unaitwa wa ujirani mwema. Shule kumi na nne za Bukoba na Muleba huungana, zikatunga mtihani mmoja wa kidato cha sita na kuusahihisha pamoja, ili watoto wajipime kabla ya ule wa taifa. Ujirani ulikuwepo. Wema, we acha tu. Kila mwalimu alikuja pale akiomba kimoyomoyo shule ya mwenzake ianguke, na chai ya saa nne walikunywa wakichunguliana makaratasi.

Usahihishaji nao una utaratibu wake. Mwalimu mmoja hupewa swali moja, akalisahihisha hilohilo kwenye karatasi zote, mia sita na themanini, mpaka analiona ndotoni. Lilian alikuwa na swali la saba. Swali la nne lilikuwa la Madamu Bijal, mwalimu wa shule ya binafsi pale mjini, wa familia ya Pradip wenye duka la vifaa vya ujenzi, mojawapo ya familia chache za Kihindi zilizobaki Bukoba. Bijal alizaliwa hapohapo, na Kihaya chake cha kugombana ni kikali kuliko cha Lilian mwenyewe. Yeye ndiye aliyeona kwamba watoto wa kituo namba kumi na moja wote wamejibu swali la nne kinyume na mwongozo wa usahihishaji, tena kwa maneno yaleyale. Akampelekea Kahigi, mwenyekiti wa jopo la fizikia.

Sasa, kila msahihishaji anaijua dalili hiyo. Watoto wakipata wote, hakuna neno. Wakikosa wote, na wakakosa kwa sentensi moja, kuna mtu amewauzia majibu ya uongo. Na sheria shule zilijitungia zenyewe: ukikutwa na wizi, mtihani wa fizikia wa shule nzima unafutwa, wazazi wote wanaandikiwa barua, na majina yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila shule. Hicho ndicho kilichokuwa kinawangoja wasichana arobaini na mmoja wa Ijumbi, watoto wa wakulima wa kahawa na ndizi, miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa. Waitwe wezi kwa jambo alilowafundisha Lilian kwa mdomo wake.

"Hawajaiba," alisema. "Wamepata."

Kahigi akacheka kwa puani. "Wamepata! Haya, njoo ubaoni uwaeleze wenzako jinsi walivyopata."

Swali lilikuwa la Kiingereza, kama ilivyo mitihani yote ya kidato cha sita, lakini maana yake ni nyepesi. Kaboni dayoksaidi iliyobanwa sana ndani ya silinda inaachwa ipanuke polepole, halijoto ikiwa ileile mwanzo mpaka mwisho. Je, nishati yake ya ndani inakuwaje? Mwongozo wa Kahigi ulikuwa na jibu la mstari mmoja: halijoto isipobadilika, nishati ya ndani haibadiliki. Alama kumi.

Sentensi hiyo ilikuwa ya kwake hasa. Ilikuwa kwenye noti zake, zile za kurudufu zenye jalada la manila, ambazo kila mtoto aliyesoma fizikia Kagera kwa miaka ishirini na sita amezikariri. Lilian alizikariri pia. Alikwenda nazo chuo kikuu Dar es Salaam, na siku moja mhadhiri alipouliza mbele ya wanafunzi mia mbili, akasimama kwa kujiamini akaitoa sentensi ya Kahigi kama ilivyo. Ukumbi mzima ulimcheka. Mhadhiri alimuuliza shule gani huko kwao inafundisha nusu ya somo, akakaa chini akilia, na hilo hakumsamehe Kahigi hata siku moja.

Kwa hiyo alichukua chaki.

"Hiyo ni gesi kamilifu, mwalimu. Ile ya vitabuni, ambayo molekuli zake hazijuani, kila moja na njia yake. Kwa hiyo, sawa, halijoto ikibaki ileile, nishati inabaki ileile. Joto lote linaloingia linatoka tena kama kazi ya kusukuma pistoni. Lakini gesi halisi molekuli zake zinavutana. Ikipanuka, unazitenganisha, na kuzitenganisha kunakula nishati. Ili halijoto ibaki palepale, lazima joto liingie jingi kuliko kazi inayotoka. Ile ziada haipotei, inabaki ndani. Nishati ya ndani inaongezeka."

"Inaongezeka," Kahigi alirudia. "Halijoto ileile, mwendo wa molekuli uleule, na bado inaongezeka. Hii fizikia ya Ijumbi hii!"

Watu wakacheka. Lilian akaelekeza kidole kwenye mtungi mwekundu wa kuzimia moto uliotundikwa mlangoni. "Fungua ule, mwalimu. Gesi ikitoka na kupanuka pasipo kuongezewa joto, mdomo wa mtungi unaganda barafu. Kwa nini unaganda?"

"Kwa sababu ndani kuna kimiminika kinachogeuka gesi!" Mzee alimkatisha kama anamchapa. "Hata fundi friji wa stendi anajua hilo. Usiniletee mitungi hapa."

Na kwa hilo, mzee alikuwa na haki. Lilian alijua amechagua mfano mbaya, akajilaani. Kahigi hakuwa mjinga, wala asidanganyike mtu. Alikuwa na kichwa kilichofanya kazi haraka kuliko vyote mle ndani, na alikitumia kama panga.

Lilian akarudi mezani, akachomoa kwenye begi lake karatasi ya mtihani wa mwaka juzi. "Hili swali silo jipya. Mwaka juzi lilikuwepo, neno kwa neno, ila pale palipoandikwa kaboni dayoksaidi iliyobanwa sana, paliandikwa gesi kamilifu. Mwalimu, ulibadilisha jina la gesi ili watoto wasilitambue swali. Mwongozo ukauacha ulivyo."

 Pale hakuna aliyekuwa msafi. Wote hutunga hivyohivyo: unachukua swali la zamani, unabadilisha namba, unabadilisha jina la chuma au la gesi, unampelekea mchapaji, biashara imekwisha. Mwalimu Aroni, wa upande wa Maruku, aliinamia kalamu yake kama ndiyo kwanza anaiona.

Mtu angedhani Kahigi ameshindwa. Kumbe alikuwa anapima pa kumpiga.

"Vizuri," alisema polepole. "Tuseme ni kweli. Nimebadilisha gesi mwaka huu. Karatasi nimeitunga peke yangu, nikaifunga peke yangu. Sasa wewe niambie, watoto wako walijuaje kwamba mwaka huu gesi itakuwa halisi, mpaka wakaja na jibu wamelibeba, wote arobaini na mmoja, kwa maneno yaleyale? Nani aliwaambia?"

Loo! Lilian aliona macho ya wenzake yanavyogeuka, mmoja baada ya mwingine. Ushahidi wake mwenyewe ulikuwa umegeuzwa kitanzi, tena umevalishwa shingoni kwa watoto.

"Niliwafundisha!" alipiga kelele. "Mwaka mzima! Nimewafanya waiseme kwa sauti mpaka wapishi wa shule wanaijua!"

"Wapimwe," Bijal alisema kutoka mezani kwake. Hakuwa hata ameinua macho. "Kesho asubuhi tuende hukohuko, ana kwa ana, bila karatasi. Kama wamekariri cha wizi, mwalimu atawavua nguo kwa maswali mawili. Na usinitazame hivyo, Lilian, sikutetei. Mimi ndiye niliyewashtaki hao watoto. Kama nimewasingizia, nataka nijue."

Kahigi akanyoosha kiganja mbele ya Lilian. "Simu."

"Simu gani?"

"Yako. Usije ukawapigia usiku ukawapanga."

Mwanamke wa miaka thelathini na saba, mama wa watoto wawili, alinyang'anywa simu mbele ya watu kama mtoto wa kidato cha kwanza. Aliitoa. Angekataa, wangesema ana la kuficha.

Asubuhi waliondoka na pikapu ya dukani aliyoiazima Bijal kwa kaka yake, Umang. Kiti cha mbele ni kimoja kirefu, Bijal kwenye usukani, Kahigi mlangoni, na Lilian katikati yao, mabega yamebanwa huku na huku. Mvua ilikuwa inanyesha. Wakapita Kemondo, wakapita Muhutwe. Walipoacha lami na kuingia barabara ya udongo mwekundu, gari likaanza kuwarusha, na kila liliporuka Lilian alimgonga mzee ubavuni kwa kiwiko. Mara mbili za kwanza ilikuwa bahati mbaya.

Mama Verdiana, mkuu wa shule, alikuwa hana habari yoyote. Aliposikia walichokuja nacho, alishika kichwa, akamlilia mama yake kwa Kihaya. "Mawe! Mwalimu Lilian, barua ya wizi ikifika kwa hawa wazazi, nani tena ataleta binti yake hapa?" 

Wasichana walisimama wote kwa pamoja Kahigi alipoingia. Shikamoo yao ilijaa darasa. Hiyo aliiitikia, kwa kifupi, akasimama mbele na kuwakagua kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Kwenye darasa hili," alisema, "nani huwa wa mwisho?"

Hakuna aliyejibu, lakini vichwa havijui kuficha. Viligeuka vyenyewe kuelekea dirishani, kwa msichana mrefu mwenye hijabu nyeupe. Sumaiya. Lilian alitamani ardhi ipasuke. Sumaiya alipata alama tisa kwa mia mtihani wa kwanza wa kidato cha tano. Tangu hapo amepanda, ndiyo, lakini alikuwa mtoto wa kutetemeka, ukimwita jina tu anasahau hata alilolijua.

"Njoo mbele. Silinda ina kaboni dayoksaidi iliyobanwa sana. Inapanuka, halijoto ileile. Nishati ya ndani?"

"Inaongezeka, mwalimu," Sumaiya alisema, kwa Kiingereza cha mtihani na kwa sauti ya kunong'ona.

"Kwa nini?"

"Joto lililoingia ni kubwa kuliko kazi iliyofanywa, na tofauti hiyo imebaki ndani ya gesi."

Kahigi akamgeukia Bijal. "Si unasikia? Kasuku. Sentensi ileile." Akamrudia mtoto, akamsogelea mpaka mtoto akarudi nyuma hatua moja. "Sahau hiyo sentensi. Halijoto ni ileile. Molekuli zinakwenda mwendo uleule, haziongezi hata kidogo. Sasa hiyo nishati uliyoiongeza iko wapi? Nionyeshe. Iko wapi?"

Sumaiya alifungua mdomo, ukatoka hewa tu. Alimtazama Lilian. Lilian aliangalia sakafu, maana angeukunja hata uso wangesema amempa ishara. Alihesabu pumzi zake. Zilifika saba.

"Mwalimu," Sumaiya alisema, "naweza kusema kwa Kiswahili?"

"Sema hata kwa Kihaya, lakini sema!"

"Sisi maji tunayateka bondeni, kule chini ya kibanja cha shule. Ukipanda na ndoo kichwani, mwendo ni uleule, hukimbii. Ukifika juu, ndoo ni ileile, maji yaleyale, hayajapata moto. Lakini umechoka. Zile nguvu hazikuingia kwenye mwendo, mwalimu. Ziko kwenye kule juu. Ndoo ikiporomoka ndiyo utaziona." Alimeza mate. "Molekuli zikivutana, kuziachanisha ni kama kupanda nazo. Nishati iko kwenye kuachana kwao."

 Kahigi alibaki amemkodolea macho.

"Na gesi kamilifu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hakuna kilima, mwalimu. Hazivutani, kwa hiyo hakuna pa kupanda. Nishati haibadiliki. Joto lote linatoka kama kazi."

"Na gesi halisi ambayo haikubanwa, imetawanyika tangu mwanzo?"

"Kilima kipo ila kidogo sana. Unaweza kukipuuza. Lakini..." Hapo alisita, akamtazama mzee kwa woga wa kweli. "Lakini swali lilisema imebanwa sana. Nimekosea, waitu?" Neno la Kihaya la heshima lilimtoka lenyewe.

 Mzee alichukua chaki ubaoni, akairudisha, akajifuta vidole kwenye suruali, akatoka nje. Bijal alimpigia Sumaiya makofi, peke yake, na darasa likamfuata kwa vurugu mpaka Mama Verdiana akaja kuwanyamazisha. Lilian alitaka kumkumbatia yule mtoto. Badala yake alimfuata Kahigi.

Alimkuta amesimama chini ya michirizi ya bati, anaangalia mvua.

"Hawakuiba," mzee alisema bila kugeuka. "Nitaandika hivyo. Barua hazitakwenda."

"Na alama zao?"

"Binti, hujatosheka?"

"Mwalimu, wewe hili ulikuwa unalijua?"

Kahigi aligeuka. Uso wake ulikuwa umejikunja kwa chuki, wala hakujaribu kuificha. "Najua! Nimelijua kabla hujazaliwa. Miaka ishirini na sita mtihani haujauliza gesi halisi, hata mara moja. Nifundishe kisichoulizwa? Watoto wangu wamekuwa madaktari, wamekuwa wahandisi, kwa ile sentensi moja. Nimewapa kinachopasua mtihani. Wewe umewapa nini? Ndoo?"

"Mimi nilipewa kicheko," Lilian alisema. "Dar es Salaam, watu mia mbili. Kwa sentensi yako."

"Ulikuwa mzembe. Ungesoma kitabu."

Hapo mkono wa Lilian ulitaka kupanda wenyewe umzabe kofi. Bijal akawafikia, akasimama katikati yao na funguo za gari mkononi.

"Tumalize," Kahigi alimwambia Bijal, kana kwamba Lilian hayupo. "Tunafuta swali la nne. Kwa wote. Wake si wezi, wengine hawapotezi kitu, na hakuna karatasi inayorudiwa. Kesho watu wanakwenda makwao."

"Chukua hiyo, Lilian," Bijal alisema. "Watoto wako wametoka salama. Ulichokitaka si ndicho hicho?"

Ilikuwa kweli, ndicho alichokitaka jana. Lakini jana Sumaiya alikuwa hajasimama mbele ya darasa. Swali likifutwa, alama kumi za yule mtoto zinafutwa nalo, mwaka ujao Kahigi atachapa noti zilezile, na itakuwa kama hakuna kilichotokea. Lilian alifikiria pia watoto wa shule nyingine, mia sita na thelathini na tisa. Aliwafikiria, ndiyo, ila kwa haraka, kama mtu anayepita mlango asiotaka kuufungua.

"Hapana," alisema. "Swali lina jibu. Aliyepata apate, aliyekosa akose."

"Wangu wote watakosa," Kahigi alisema.

"Najua."

 "Haya," mzee alisema. "Umeyataka."

Waliporudi bwaloni saa nane, Kahigi alisimama mbele ya jopo akasema yote kwa sentensi tatu: watoto wa Ijumbi hawakuiba, mwongozo wa swali la nne ulikuwa na kosa, kosa ni lake, karatasi zote zinarudiwa. Kelele zilizoinuka! Aroni alisema yeye ana msiba Izimbya na hakai hata saa moja. Mwingine alimuuliza Lilian kama Ijumbi hawana kazi za kufanya. Mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa akimwita dada tangu Jumatatu, alihamisha kiti chake mpaka meza ya mwisho. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba alikuwa na haki. Alikuwa nayo, na ilimkaa mdomoni ikiwa chungu.

Bijal alianza upya na karatasi za Ijumbi, akawapa alama zao kumi, mmoja baada ya mwingine, na akaandika jumla mpya kwa mwandiko mkubwa. Halafu Kahigi akachukua bunda la shule yake. Watoto sitini na watatu.

"Mwenyekiti hasahihishi shule yake," Bijal alimkumbusha.

"Kwa hili atasahihisha. Na huyu atakaa hapa." Alivuta kiti karibu na chake. "Keti, binti. Shuhudia."

Lilian aliketi. Mzee akafungua karatasi ya kwanza, akasoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma mahudhurio. "Halijoto isipobadilika, nishati ya ndani haibadiliki." Akaandika sifuri. Akafungua ya pili. "Halijoto isipobadilika, nishati ya ndani haibadiliki." Sifuri. Ya tatu. Ya nne. Wengine walikuwa wamepiga mstari chini ya sentensi kwa wino mwekundu, kama alivyowafundisha. Wote waliiandika kama ilivyo, bila kukosea hata nukta.  Kufika ya ishirini, Lilian alitamani mzee aache kuisoma.

"Unaweza kusahihisha kimya, mwalimu."

"Naweza," Kahigi alisema, akasoma inayofuata.

Bijal alitoka kwenda kutafuta chai. Aroni aliondoka na begi lake bila kuaga. Mzee aliendelea, sauti ikianza kukwaruza, kalamu ikikandamiza mpaka karatasi zikawa zinatoboka kwenye sifuri. Halafu kwenye moja akanyamaza.

Akaisogeza mbele ya Lilian.

Mtoto alikuwa ameandika mistari mitano kwa mwandiko mdogo, safi. Molekuli za gesi halisi zinavutana. Gesi ikipanuka zinaachanishwa. Joto linaloingia linazidi kazi inayofanywa. Nishati ya ndani inaongezeka. Yote yalikuwepo. Halafu alichukua rula akayakata, mstari baada ya mstari, kwa unadhifu, na chini yake akaandika: halijoto isipobadilika, nishati ya ndani haibadiliki. Mtoto alikuwa anajua. Alilisoma mahali peke yake, akaliandika, kisha akamkumbuka mwalimu wake na kumwamini.

"Huyu," Kahigi alisema, "nimpe nini, Lilian?"

Kwa siku mbili hakuwa amemwita jina. Sauti yake haikuwa na ukali wowote. Alikuwa mzee anayeuliza.

Lilian alijua anachoulizwa. Mwenyekiti ana uwezo wa kuamua, shahidi ni yeye peke yake, na neno moja lake lingetosha: mpe. Kumi tu. Mtoto asiye na kosa lolote ila la kumheshimu aliyemfundisha. Lakini kifuani mwake hakukuwa na nafasi. Kila tusi la siku mbili hizi lilikuwa limekaa pale, na chini ya hayo lilikuwepo la miaka kumi na saba, na alitaka mzee aiandike sifuri hii kwa mkono wake.

"Jibu lililokatwa na mtahiniwa halisahihishwi," alisema. "Sheria unaijua, mwalimu."

Kahigi akaitikia kwa kichwa. Akaandika sifuri, akaizungushia duara, akaiweka karatasi kwenye rundo upande wa kushoto. Lilian aliitazama ikikaa pale. Aliona aibu, aibu kubwa, iliyomfanya ashindwe kuinua uso, na bado hakunyoosha mkono kuirudisha.

"Inayofuata," Lilian alisema.